Siku Tatu Siyu: Safari ya Kwa Wakwe na Vitabu Viwili



Ndugu zangu wasomaji, na hasa akina mama, ambao ndio mnaolisoma jarida hili mpaka ukurasa wa mwisho, juma hili naomba ruhusa niyaweke kando masuala ya fiqhi mliyoniletea. Nitayajibu, inshaAllah. Leo nataka kuwasimulia safari niliyoifanya pamoja na mke wangu kwenda kwao Siyu, katika kisiwa cha Pate, wakati wa mapumziko ya Sikukuu ya Mashujaa ilipoangukia Jumatatu. Nilikwenda na vitabu viwili mkobani na ujumbe mmoja kifuani. Vitabu nilirudi navyo salama. Ujumbe haukurudi kama ulivyokwenda.

Mke wangu ndiye kifungua mimba katika watoto watano. Watatu wako Mombasa, mmoja Malindi, na kitinda mimba yuko Muscat kwa kazi. Siyu hakuna aliyebaki ila wazee wawili: bamkwe, ambaye amekwisha kupita miaka 80, na mamkwe anayemfuata kwa miaka michache. Mwaka uliopita mamkwe alipandwa na presha usiku wa manane. Waliomtazama pale kisiwani walisema apelekwe Lamu, lakini maji yalikuwa yametoka, na mashua ilibidi ingoje mpaka alfajiri. Alisalimika kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu. Hata hivyo, tangu usiku ule simu za watoto hazikutulia. Hatimaye walikata shauri: wazee wahamie Mombasa, wakae kwetu, na nyumba ya Siyu ifungwe au itafutiwe mnunuzi. Mimi, kwa kuwa ndimi mkwe mkubwa, na kwa kuwa ulimi wangu umezoea mimbari, nikapewa kazi ya kuwashawishi.

Niliikubali kazi hiyo kwa moyo mkunjufu, nikajiandaa kama mtu anayeandaa hotuba ya Ijumaa. Hoja yangu kubwa ilikuwa aya ya 23 ya Suratul Israi, inayotuamrisha kuwafanyia wema wazazi wawili, na inayotaja kufikiwa na uzee mmoja wao au wote wawili wakiwa kwako. Neno hilo, "kwako", nililipigia mstari. Nikasema moyoni mwangu kwamba Qur'ani yenyewe yataka wazee wawe nyumbani mwetu. Ni nani atakayeweza kubishana na hoja hiyo?

Ama vitabu, cha kwanza ni Utendi wa Mwana Kupona, ambao kwa miezi miwili nilikuwa nikiusomesha katika darsa ya akina mama siku za Jumatano baada ya swala ya alasiri. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, kiongozi wa Siyu aliyeukataa utawala wa Sayyid Said wa Zanzibar. Utendi huo una beti 102, na wengi wetu tunaujua kwa jambo moja tu, nalo ni adabu za mke kwa mumewe. Nakiri kwamba hata mimi nilikuwa nimepiga kambi hapo. Beti za katikati nilizisomesha kwa majuma matano. Za mwanzo nilizipita kwa siku moja, na za mwisho sikuwahi kuzifikia.

Kitabu cha pili ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Hiki nilikuwa nikikisoma peke yangu usiku, nyumba ikishatulia. Humo mshairi anaukanya moyo wake mwenyewe usighurike na dunia, na anautolea mfano wa matajiri wa Pate, ambao majumba yao ya fahari yalibaki matupu. Nilikipenda kwa sababu kinamkanya mwandishi kabla ya kumkanya msomaji. Sikujua kwamba zamu yangu ilikuwa njiani.

Tuliondoka Mombasa Alhamisi alfajiri, ili Ijumaa isitukute njiani. Basi lilipita Kilifi na Malindi, likavuka Mto Tana karibu na Garsen, likaingia Witu na kuelekea Mokowe. Wanaoikumbuka njia ile enzi za vumbi na matope watashukuru kwamba sasa lami imefika. Vizuizi vya askari vingalipo, na kitambulisho hutolewa mara kwa mara mpaka mtu akajutia picha yake. Mke wangu alikuwa amepakata kikapu. Ndani yake mlikuwa na halua, dawa za presha za miezi mitatu, doti mbili za leso, na miwani aliyomnunulia babake kwa kukisia.

Ijumaa tuliswali Lamu, nami niliswali katika msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh. Baada ya swala, rafiki yangu mmoja tuliyesoma pamoja ujanani alinitembeza mitaani. Mji wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na wageni huja kutoka mbali kuitazama milango yake na zidaka zake. Rafiki yangu alininyooshea kidole nyumba moja moja: hii imeuzwa, ile imeuzwa, na ile pale mwenyewe yuko ng'ambo, huja mara moja kwa mwaka. Kuta zake zimepakwa chokaa upya na milango imetiwa mafuta ikang'aa. Nyumba hazikuanguka. Ila ukipita baina ya magharibi na isha husikii mtoto akisoma juzuu. Nikamwuliza waliouza wamekwenda wapi. Akacheka, akaniambia, "Wako Mombasa, kwenu."

Jumamosi tulipanda mashua ya kwenda Pate. Safari hiyo haiendi kwa saa ya mkononi, huenda kwa maji. Mashua hungoja maji yajae ndipo ipite Mkanda, ule mlango mwembamba wenye mikoko pande zote mbili. Mwezi wa Oktoba bahari huwa imelala, baada ya kusi kuondoka na kabla ya kaskazi kuingia. Tulishuka Mtangawanda, tukapanda bodaboda mbili, tukafuata njia ya mchanga baina ya minazi.

Tulipofika Pate nilimwomba kijana wa bodaboda asimame, nikaingia katika magofu. Mashamba ya tumbaku yameota baina ya kuta. Niliona ukuta mmoja ungali na safu za zidaka, na juu yake matundu ambamo boriti ziliwahi kukaa. Nikatoa Al-Inkishafi, nikasoma nikiwa nimesimama, na machozi yakanilenga. Nilijiona mtu wa ibada sana wakati ule. Mkulima mmoja aliyekuwa akipalilia akaniamkia na kuniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia natazama nyumba hizi. Akanihurumia kidogo, akasema, "Hizo hazina watu, Bwana. Watu wako upande ule."

Neno hilo lilikaa nami mpaka Siyu.

Siyu ni mji mkongwe wenye heshima yake. Ngome yake ingali imesimama kando ya mkono wa bahari. Zamani ulikuwa mji wa mafundi wa mbao na wa ngozi, na zaidi ya yote mji wa wanazuoni na waandishi wa misahafu, walioinakili Qur'ani kwa mkono na kuipamba kurasa zake kwa wino wa rangi. Nyumba ya wakwe zangu ina kuta za mawe na paa la makuti, na uani mna jabia la kuhifadhia maji ya mvua. Katika kidaka cha msana mmewekwa msahafu ulioandikwa na babu yake bamkwe, umefungwa kwa kitambaa cha kijani.

Tulimkuta bamkwe amekaa dakani. Alitutambua kwa sauti, si kwa sura. Macho yake yote mawili yameingiwa na weupe, maradhi yanayoitwa mtoto wa jicho. Nilimbusu mkono, naye akaushika wangu asiuachie.

"Miaka minne," akasema.

Nikaanza kutoa udhuru wa darsa, wa mitihani ya madrasa, wa gharama. Alinisikiliza kwa upole, kisha akaniambia, "Sikukulaumu, mwanangu. Nimehesabu tu." Mke wangu akamvalisha miwani. Mzee akageuza uso kulia, akageuza kushoto, akasema, "Miwani ni mizuri sana, ila dunia ni ile ile." Tulicheka sote, na mke wangu akageukia ukutani.

Asubuhi iliyofuata niliona jambo ambalo sitalisahau. Baada ya swala ya alfajiri bamkwe aliutoa ule msahafu kidakani, akaufungua, akaweka kiganja chake juu ya ukurasa asiouona, akaanza kusoma kwa hifdhi. Alipokosea, sauti ilitoka ndani, nyuma ya pazia, ikamrekebisha. Akarudia, akaendelea. Alipokosea mara ya pili, sauti ile ikamrekebisha tena. Alikuwa mamkwe, anasonga unga wa mahamri huku anasikiliza. Nimekuwa mkwe katika nyumba ile kwa miaka 28, na sikuwahi kujua kwamba mamkwe amehifadhi.

Lakini nimetangulia mbele. Ujumbe wangu niliutoa usiku wa kwanza, baada ya isha, tulipokwisha kula wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kulikuwa na giza la mwisho wa mwezi, na taa moja iliwaka baina yetu. Nilianza kwa kumhimidi Mola, nikaisoma aya, nikaifasiri, nikafika kwenye neno langu nililolipigia mstari. Nikaeleza habari za hospitali zilizo karibu nasi Mombasa, chumba tulichokitayarisha, na wajukuu watakaowazunguka. Bamkwe aliniachia mpaka nikamaliza.

"Umefasiri vizuri," akasema. "Na aya inayofuata?"

Nikaisoma. Ni ile inayomwamrisha mtoto awashushie wazazi wake bawa la unyenyekevu kwa huruma, na awaombee rehema kama walivyomlea alipokuwa mdogo.

"Basi niambie, Sheikh. Ndege hushusha bawa lake akiwa wapi? Hulishusha akiwa mbali, au huruka kwanza akafika walipo anaowafunika?"

Nikanyamaza. Akaendelea, "Na yule mtu aliyemjia Mtume, sala na amani zimshukie, kumpa baia ya kuhama, akasema amewaacha wazazi wake wanalia. Aliambiwa afanye nini?"

"Aliambiwa arejee kwao, akawachekeshe kama alivyowaliza."

"Arejee," akasema bamkwe, na akalirudia neno hilo polepole. "Hakuambiwa awabebe awapeleke atakapo yeye."

Nilijaribu hoja ya mwisho, nayo ndiyo iliyokuwa ya kweli kuliko zote. Nikamwuliza habari ya usiku ule wa presha na maji yaliyotoka. Mzee alivuta pumzi. "Hilo ni kweli," akasema. "Hilo sina jibu lake. Maji hutoka." Kisha akaomba tusome Fat-ha, akaenda kulala.

Jumapili asubuhi, baada ya chai, mke wangu aliniambia kwamba mamake anataka kusikia ninachowasomesha wanawake wa Mombasa. Mnajua haya iliyopo baina ya mtu na mamkwe wake katika miji yetu. Mimi nilikaa msanani, wao wawili wakakaa ndani, pazia likawa baina yetu. Nikafungua Utendi wa Mwana Kupona na, kwa mazoea yangu, nikaanzia katikati, mahali pa adabu za mume na mke. Sikufika mbali.

"Mwanangu," mamkwe akasema kwa sauti ya chini, "mwanzo wake umeuacha wapi?"

Nikamwambia kwamba mwanzo tulikwisha kuupita. Akasema, "Haupitwi." Akausoma yeye kutoka kifuani, kwa Kisiu chake, kwa mahadhi aliyofunzwa na bibi yake walipokuwa wakisuka ukili. Niliusikia utendi huo kama sikuwahi kuusoma. Mwanzo wake ni mama mgonjwa, ambaye kabla ya kumfunza bintiye jambo lolote anamwita aje akae karibu naye, achukue wino na karatasi. Mwisho wake, ule nisioufikia, ni dua ndefu ya mtu anayejua kwamba safari yake imekaribia, anayewaombea watoto wake na Waislamu wote.

"Yule mama alikuwa mgonjwa," mamkwe akasema. "Sisi wanawake tukiusoma, machozi huanza hapo, pale anapomwita mtoto akae karibu. Hayo ya mume nayo ni kweli, sikatai. Lakini aliyasema mama kumwambia bintiye, kwa mapenzi. Hakuyasema ili waume wayashike mkononi kama bakora."

Wasomaji wangu, mimi ni mtu wa darsa, nimezoea kuulizwa na kujibu. Pale sikuwa na la kusema, kwa sababu nilikumbuka jambo ambalo mzee hakulijua alipohesabu miaka yake minne. Katika miaka hiyo mke wangu aliniomba ruhusa ya kwenda kwao kila mapumziko yalipokaribia. Kila mara nilimjibu, "Mwezi ujao, inshaAllah." Sikumkataza hata siku moja. Nilimchelewesha tu, kwa maneno mazuri na kwa jina la Mwenyezi Mungu, huku neno "inshaAllah" nikilitumia kama pazia la uvivu wangu. Naye, kwa adabu zile zile nilizokuwa nikizisomesha kila Jumatano, hakunijibu neno. Alituma dawa, alituma nguo, alituma fedha kwa simu. Darsa yangu ilikuwa imejaa wanawake waliokuwa wakifunzwa kutii, na mwalimu wao alikuwa amemzuia mmoja asikae karibu na mamake.

Nikayasema hayo kwa sauti, pazia likiwa baina yetu. Niliyasema kwa shida, lakini niliyasema, nikaomba radhi. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha nikamsikia mke wangu akimwambia mamake, "Nami nina langu, Mama. Nilidhani kutuma ni kuja."

Mamkwe hakutulaumu. Alisema maneno machache ambayo nayaandika kama alivyoyasema: "Mimi sitaki kufia njiani, wala sitaki nyumba hii iwe ya popo nami ningali hai. Nataka nisikie hodi."

Hapo ndipo neno la mkulima wa Pate liliponirudia. Nilikuwa nimesimama katika magofu nikilia juu ya nyumba zilizokufa miaka 200 iliyopita, na wakati ule ule nilikuwa nimebeba kifuani shauri la kuongeza gofu jingine. Hakuna vita vilivyoipiga nyumba ya wakwe zangu, wala ghadhabu iliyoishukia. Ingefungwa na watoto wema, wenye nia njema, kwa kufuli jipya. Al-Inkishafi nilikuwa nimeisoma kama habari za matajiri waliojivuna. Sikufikiri kwamba nyumba huweza pia kuwa tupu kwa sababu watu waliona ni rahisi zaidi kuwaondoa wazee kuliko wao wenyewe kupanda mashua.

Jumapili usiku tulikaa tena, safari hii wote wanne, na pazia likafungwa pembeni. Hatukuhubiriana. Tulihesabu mambo moja baada ya jingine. Bamkwe alikubali kuja Mombasa kwa ajili ya macho yake. Na hapa naomba niwaambie wenye wazee majumbani: mtoto wa jicho si uzee tu wa kuvumiliwa. Tiba yake ni upasuaji mfupi, ambao daktari huiondoa lenzi ya jicho iliyofifia na kuweka nyingine badala yake, na wengi huona tena. Msinunue miwani kwa kukisia kama tulivyofanya sisi. Mzee alitoa sharti moja: akae siku 40, asizidishe, kisha arudishwe kwake.

Ama mamkwe, tuliafikiana kwamba kila mwezi mmoja wa watoto atakwenda Siyu, akae siku zisizopungua nne, na ampeleke Lamu kupimwa presha mchana, maji yakiwa yamejaa, kabla ya kuharibika jambo. Aliye Muscat atasaidia nauli za wenziwe. Nauli ya dharura tuliiacha kwa nahodha mmoja wa jirani. Kisha mke wangu akatoka uwanjani penye mtandao mzuri, akampigia simu binti yetu, ambaye anamaliza kidato cha nne mwaka huu na atakaa nyumbani miezi kadhaa akingoja matokeo. Akamwuliza kama yuko radhi kwenda kukaa na bibi yake. Msichana akauliza jambo moja tu: "Nije na daftari?"

Mamkwe alipoambiwa, alinyamaza kidogo, kisha akasema aje nalo kubwa.

Sitaki kuwapamba wasomaji wangu nikawaambia kwamba mambo yote yalikwisha kwa furaha. Tulipowapigia simu ndugu kuwaeleza tulivyoafikiana, shemeji yangu mmoja alikasirika. Aliniambia, "Sheikh, likitokea jambo usiku wa maji kutoka, utatuambia nini?" Ni swali la haki. Sina jibu lake, kama vile bamkwe hakuwa na jibu lake. Namwomba Mwenyezi Mungu asinijaribu kwalo, na kama atanijaribu, anipe uso wa kuwatazama ndugu za mke wangu.

Wala msiichukue habari hii kama fatwa. Wapo wazee ambao lazima wahamishwe, kwa sababu ya maradhi, au upweke, au kukosa wa kuwahudumia, na kuwachukua kwako ni ibada kubwa. Wapo pia watoto ambao hawana nauli, na Mola haitwishi nafsi ila iwezalo. Ninalosema ni hili: kabla ya kuwauliza wazee lini watakuja, tujiulize sisi tulikwenda lini. Na tuwaulize wenyewe wanachotaka. Mimi nilisafiri siku mbili na hoja kamili, na katika hoja zangu zote hapakuwa na swali hata moja.

Kwa waume wenzangu nina neno la ziada. Ni kweli kwamba katika sheria haki za wazazi huwaangukia watoto wao kwanza, si wakwe. Lakini katika Suratul Furqan, aya ya 54, Mwenyezi Mungu ameutaja ujamaa wa damu na ujamaa wa ndoa pamoja, kuwa ni neema alizomjaalia mwanadamu. Mkeo hakuota kama uyoga katika nyumba yako. Yuko mama aliyemlea, ambaye jioni hukaa akisikiliza mlango. Mke akikuomba kwenda kumwona, usimjibu "mwezi ujao". Mkatie tikiti. Ukiweza, nenda naye, ukambebee kikapu.

Jumatatu maji yalipojaa tuliagana dakani. Bamkwe alinishika mkono kama siku ya kwanza, na safari hii hakuhesabu miaka. Aliniuliza zamu ya mwezi ujao ni ya nani. Nikamwambia ni yetu. Mashua ilipokuwa ikipita Mkanda mke wangu alikuwa kimya muda mrefu, kikapu kitupu kimelala magotini mwake. Halafu akaniambia kwamba ameisahau miwani kule. Nikamwambia iache, tutaikuta.

Jumatano iliyofuata nilirudi katika darsa yangu. Akina mama walifungua vitabu vyao mahali tulipokuwa tumekomea. Nikawaomba wafunike. Nikawaeleza kwamba mwalimu wao alikosea, na kwamba tunaanza upya tangu ubeti wa kwanza, pale mama mgonjwa anapomwita bintiye aje karibu. Tukausoma kwa utulivu. Kabla hatujafika mbali, mmoja wao aliomba udhuru akatoka nje. Niliudhani udhuru wa mtoto au wa jikoni. Aliporudi, macho yake mekundu, aliniambia kwamba alikwenda kumpigia simu mamake.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu na wazazi wa wake zetu na waume zetu, kama walivyotulea tulipokuwa wadogo. Wape siha walio hai, na uwape nuru makaburini waliotutangulia. Usiifanye mitupu miji yetu, wala mioyo yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.